Kamera ya Arusi Iwe na Kadi Mbili

Wapiga picha wetu wa Mombasa wakikutana, mashindano ni ya megapikseli. Majigambo hayo! Kamera ya arusi kwanza itazamwe nafasi za kadi, na sisemi kadi za mwaliko, bali zile zinazohifadhi picha. Nikon Z6 ya mwaka 2018 ilikuwa na nafasi moja tu. Kadi ikiharibika, picha za nikahi ndizo zimekwenda, na shekhe haitwi kuozesha mara ya pili. Z6 II ya mwaka 2020 ikaja na mbili. Canon EOS R6 ya mwaka huo huo nayo inazo mbili.

Tena iwe ya kuzimika sauti. Bwana arusi anatamka "nimekubali", kamera inamkatiza!

Lakini mtihani ni usiku wa kupamba. Kina mama wamevua mabuibui kwa kuaminiana. Mpiga picha, ambaye lazima awe mwanamke, na azime kabisa mtambo wa kupeleka picha kwenye simu. Kadi zote mbili amkabidhi mamake bibi arusi kabla hajavaa viatu. Kama picha zataka kutengenezwa, zitengenezwe pale pale nyumbani, chai ipo.