Tusiwaketishe kivulini watoto wenye baridi yabisi

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Hata hivyo, kuna istilahi ya kitabibu ambayo imenikera kwa muda mrefu, nayo ni 'baridi yabisi'. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na yanakumbusha tiba ya kale iliyoyagawa maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Tiba hiyo imepitwa na wakati, jina limesalia. Ndiyo maana mzazi wa Garissa, mji ambao jua lake halihitaji kuelezwa, akiambiwa kwamba mwanawe ana baridi yabisi hushangaa: baridi ipi? Na huo si ugonjwa wa wazee?

La hasha. Kuna maradhi ya viungo yanayoanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Uvimbe hudumu wiki 6 au zaidi, na aghalabu mtoto huamka amekakamaa. (Si kila goti linaloumwa lina ugonjwa huu. Kaskazini Mashariki, ambako maziwa mabichi ya ngamia hunywewa sana, brusela nayo huumiza viungo. Mtoto apelekwe hospitalini kwanza.)

Ninalotaka kulijadili ni yale yatendekayo shuleni. Wakati wa michezo, mtoto huyu 'husamehewa'. Hebu litazameni neno hilo! Asamehewaye ni aliyekosa. Huketishwa chini ya mti akilinda viatu vya wenziwe, na mwalimu huamini kwamba ametenda wema. Zamani hata madaktari waliagiza mapumziko. Leo inajulikana kwamba kiungo kisichotumika hukaza zaidi, misuli inayokizunguka ikadhoofu na mifupa ikapoteza nguvu.

'Zoezi' limetokana na 'zoea', na maana hiyo ndiyo inayotakiwa hapa: mwili uzoeshwe kidogo kidogo. Siku ambayo goti limevimba na lina joto, mzigo upunguzwe, lakini kunyoosha viungo taratibu kusiachwe.

Vitabu vya ng'ambo husifu kuogelea. Mto Tana una mamba. Isitoshe, saa za asubuhi tunazozipendelea kwa michezo kabla jua halijawa kali ndizo ambazo viungo vya mtoto huyu vimekaza mno. Na adhuhuri nani awezaye kukimbia? Naona saa kumi alasiri zafaa zaidi, kwa kutembea haraka au kurushiana mpira. Duksini vilevile, ambako watoto huketi mkekani magoti yamekunjwa, maalimu amruhusu kusimama na kujinyoosha mara kwa mara.

Madaktari waliobobea katika viungo vya watoto ni wachache mno nchini, na Nairobi iko zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa. Amwonaye mtoto kila siku ni mwalimu. Yeye ndiye atakayetambua pia kwamba mtoto hauoni ubao vyema, kwani ugonjwa huu waweza kuvimbisha ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu. Macho yapimwe hata yasipomsumbua.

Wapo walimu watakaouliza: akiumia, nani atalaumiwa? Swali hilo ni la haki. Daktari na aandike mtoto afanye nini na aepuke nini, mzazi atie sahihi, na nakala apewe mwalimu wa michezo, si kufungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu.