Jina Nyuma ya Picha



Ndugu wapendwa, kila ifikapo Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu wetu, masanduku ya bati hufunguliwa hapa Murongo, na picha za wazee hutolewa zipanguswe vumbi. Bibi mmoja alituletea picha ya namna hiyo, ameifunga katika kipande cha kanga. Ndani yake ameketi mzee, mkongojo mkononi, akitukazia macho.

"Baba Paroko," alisema, "huyu ndiye Omukama Rumanyika. Wajukuu wanasema yuko mtu mjini atakayeinunua. Wewe wasemaje?"

Hatukumjibu kwa haraka. Picha nayo ni shahidi, na shahidi husikilizwa kwanza.

Picha za watu za enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901, zina alama zake. Nyingi zilichapwa kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, kisha zikabandikwa juu ya kadi ngumu. Kwa miaka mingi hugeuka rangi ya manjano. Kadi ndogo, ya sentimita 6 kwa 10 hivi, ilianzia Paris, ambako Disdéri aliiandikishia hataza mwaka 1854. Iliyo kubwa zaidi ilienea baada ya 1866. Mara nyingi mgongoni mwa kadi huonekana jina la studio.

Picha ya bibi haikuwa na alama hizo. Mgongoni ilikuwa na mstari wa katikati, upande mmoja wa salamu na mwingine wa anwani. Ilikuwa postikadi, na postikadi za namna hiyo zilianza Uingereza mwaka 1902. Rumanyika alikuwa amekwisha kufariki kabla ya hapo. Tena, Speke na Grant walipofika kwake mwishoni mwa 1861, Grant hakuwa akipiga picha tena. Alikuwa amepiga Unguja mwaka 1860, lakini safarini joto la hema dogo la kutayarishia vioo vya picha lilimshinda, akashika kalamu na rangi. Kwa hiyo sura ya Rumanyika iliyomo katika kitabu cha Speke cha 1863 imetokana na mchoro wa mkono.

Bibi alinyamaza kwa huzuni. Tukamwomba auangalie tena ule mkongojo. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akacheka huku machozi yakimlengalenga: mkongojo ule bado uko nyumbani kwake! Ulikuwa wa babu yake, katekista aliyekwenda kwa miguu kijiji hata kijiji. Picha ilipoteza bei yake, lakini ikampata mwenyewe.

Hatuwalaumu wanaokusanya picha za kale. Wengi wameziokoa na mchwa na moto. Wao hupima uzima wa karatasi, uangavu wa sura, uchache wake na sifa ya mpiga picha. Hata hivyo tunadiriki kusema kwamba kipimo hicho kina upungufu. Picha nyingi zilizotoka katika studio za Unguja, kama ile ya A. C. Gomes, zimehifadhi jina la mwenye kamera, huku aliyeketi mbele yake akiitwa "mwanamke wa Kiswahili" tu. Mtu yule alikuwa na mama aliyempa jina. Tathmini isiyouliza jina lake haijakamilika.

Wala tusidhani kuwa upendo peke yake huilinda kweli. Mtakatifu Theresia wa Lisieux alipigwa picha monasterini na dada yake Céline, aliyeingia na kamera mwaka 1894. Kwa miaka mingi waamini walionyeshwa zaidi sura zilizorekebishwa na kulainishwa. Picha zenyewe zilitolewa kitabuni mwaka 1961. Wengi wakampenda zaidi, kwa kuwa walimwona alivyokuwa. Basi babu katekista hahitaji kufanywa mfalme ili astahili kukumbukwa.

Nasi tunajishitaki kwanza: kabatini mwetu zimo picha za waamini wa zamani zisizo na jina hata moja, na wanaoweza kuwatambua wanapungua kila mwaka. Tumeazimia kuanza nazo. Nanyi nyumbani, waketisheni wazee mngali nao. Andikeni jina mgongoni kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu huvuja. Msitie gundi wala utepe wa kunata, na msiziweke juani. Kama shida inawalazimu kuuza, pigeni kwanza nakala kwa simu, na mnunuzi apewe picha pamoja na jina.

Bibi hakuuza. Aliomba penseli yetu, mjukuu akamtajia herufi, naye akaandika taratibu. Jina hilo sasa limo katika orodha ya marehemu tunaowaombea.