Fundi wa Chuma Aliyelima kwa Duara

Mwezi huu tusafiri mbali kidogo, mpaka nyika za Marekani, kwa mzee mmoja aliyeitwa Frank Zybach. Huenda jina hili hujapata kulisikia. Hata huko kwao wengi hawalijui, ingawa ukipita juu ya nchi yao kwa ndege huwezi kukosa kuona alama ya kazi yake: miduara ya kijani, mingi ajabu, imepangwa ardhini kama sahani mezani.

Zybach alizaliwa mwaka 1894. Baba yake alikuwa mhunzi, naye akakua karibu na mji mdogo wa Columbus, jimbo la Nebraska, akizoea moto na nyundo tangu utotoni. Katika miji ya namna ile fundi ndiye aliyekuwa tegemeo la watu. Mashine ya kuvunia ikikatika chuma wiki ya mavuno, mkulima hawezi kusubiri kipuri kije kwa treni. Anakwenda kumgongea fundi usiku. Zybach alikuwa fundi wa aina hiyo, tena mwenye kichwa kisichotulia. Alibuni hata kifaa cha kuliongoza trekta lifuate mtaro bila mtu kushika usukani.

Baadaye akawa mkulima karibu na Strasburg, jimbo la Colorado, mahali pakavu ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki nusu mita. Mwaka 1947 alikwenda kutazama maonyesho ya kumwagilia mashamba kwa mabomba. Mabomba yalikuwa ya aluminiamu, marefu, yamefungwa vinyunyizio juu. Yalimwaga maji vizuri sana. Shida ilikuwa moja: kipande hiki kikishalowa, watu walipaswa kuyafungua mabomba, kuyabeba na kuyaunganisha tena kwenye kipande kinachofuata.

Akina mama, tunaijua kazi hii hata kama hatujaiona. Wakati mwingine waliobeba walikuwa mama wa nyumbani na watoto wake, asubuhi kabla ya shule na tena jioni, wakizama kwenye tope, mahindi yakiwa marefu kupita kichwa na majani yakichana mikono. Na mama yule akirudi ndani chakula hakijapikwa. Tukumbuke pia kwamba mwaka 1935 ni shamba moja tu kati ya kumi hivi nchini Marekani lililokuwa na umeme. Kwa miaka mingi mama wa nyika alivuta maji ya kupikia na kufulia kwa mkono wake mwenyewe. Watu hudhani Mmarekani alizaliwa na bomba jikoni. Si kweli.

Zybach alirudi nyumbani akaanza kuunganisha vyuma. Wazo lake lilikuwa hivi. Kisima kiwe katikati ya shamba. Kutoka hapo bomba moja refu linyooke mpaka ukingoni, limeinuliwa juu ya minara yenye magurudumu, lizunguke polepole kama mshale wa saa huku likinyunyiza. Ugumu ni kwamba mnara wa nje una njia ndefu, wa ndani una njia fupi, na wote lazima wafike pamoja. La sivyo bomba linavunjika. Yeye alitumia nguvu ya maji yenyewe kusukuma magurudumu. Akaweka nyaya: mnara mmoja ukitangulia, waya unavutika, unafungua maji ya kuusukuma mnara uliobaki nyuma. Ukiangalia sana utaona ni akili ya mama anayetembea na watoto wa rika mbalimbali, aliyebaki nyuma ndiye anayehimizwa.

Mashine ya kwanza ilikuwa na minara miwili tu. Ninavyowajua mafundi, sishangai kwamba ilichukua miaka. Wake za mafundi watanielewa: uani kumejaa vyuma ambavyo mtu haruhusiwi kuvitupa, na kila kimoja "kitafaa." Hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi aliipata mwaka 1952. Alikuwa na miaka 58, umri ambao wengi wetu tunadhani mtu ameshamaliza kuanza mambo.

Biashara haikuwa kipaji chake, naye hakung'ang'ania. Rafiki wa Columbus aliyekuwa akiuza magari alimsaidia kwa fedha akapata sehemu ya haki, na mwaka 1954 wakaikabidhi kazi kwa Robert Daugherty, mwenye kiwanda katika mji wa Valley, Nebraska, kwa mapatano ya kulipwa fungu kwa kila mashine itakayouzwa. Mimi naona hapo alifanya busara. Mashine zile za mwanzo zilisumbua, na iliwapasa mafundi wa kiwanda kuzirekebisha miaka kadhaa kabla wakulima hawajazikubali. Kisha zikaenea. Zybach aliyaona hayo yote; alifariki mwaka 1980, akiwa amevuka miaka 80.

Shamba la kawaida la nyika ni mraba wa ekari 160, na duara moja huchukua ekari 130 hivi. Mtu mmoja anaweza kuangalia maduara kadhaa. Mabomba hayabebwi tena mgongoni. Lakini mikono isipohitajika shambani, vijana nao huondoka, na miji midogo kama ile iliyomlea Zybach mingi imepungua watu.

Kuna na jambo la maji. Chini ya majimbo manane ya nyika ipo hazina iitwayo Ogallala, maji yaliyojikusanya kwa maelfu ya miaka. Sehemu za Texas na Kansas ya magharibi yameshuka zaidi ya mita 30. Saudi Arabia nayo ilinunua mashine hizi ikalima ngano jangwani kwa maji ya kale yasiyorudishwa na mvua, ikafika hata kuuza ngano nje. Mwaka 2008 serikali ikaamua kupunguza ununuzi wa ngano ya wakulima wake hatua kwa hatua, na kufikia 2016 ikausimamisha.

Nebraska, ambako mashine hizi ni nyingi kuliko popote Marekani, sehemu kubwa ya hazina haijashuka kiasi hicho. Mchanga na mvua za huko husaidia. Tena tangu mwaka 1972 jimbo limegawanywa katika wilaya za maliasili, na wananchi huwachagua majirani zao wenyewe wazisimamie. Kila majira ya kuchipua, kabla pampu hazijawashwa, visima hupimwa kina. Mahali maji yalipopungua, baraza la majirani lina uwezo wa kumkatalia mtu kuchimba kisima kipya, au kumwekea kipimo cha maji atakayovuta kwa mwaka.