Tangi Bila Gata ni Sanamu

Jamani, tuambiane ukweli kuhusu haya matangi. Kila ukame ukitupiga huku Ganze, lori linakuja limebeba matangi meusi ya lita 5,000, lita 10,000. Ngoma inapigwa, kina mama wanacheza, mheshimiwa anapigwa picha ameshika mfereji ambao haujawahi kutoa hata tone. Halafu lori hilo linaondoka. Gata hakuna. Wavu wa mbu hakuna. Na sisi tunapiga makofi!

Mimi nasema tukatae. Tangi bila gata si msaada wa maji, ni sanamu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya mabati ni lita 1. Chukua darasa lenye paa la mita 20 kwa 8, hiyo ni mita 160 za mraba. Ikinyesha milimita 50, na masika ikiamua inanyesha hizo kwa siku chache tu, ni lita 8,000. Toa za kumwagika, bado 6,000 na zaidi unazo. Sasa tembea uangalie ni mabati mangapi huku kwetu yanamwaga hayo maji chini, yanachimba msingi wa darasa, na tangi limesimama pale kando kavu.

Tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mifugo ikaisha. Halafu mwisho wa 2023 El Niño ikashuka mpaka barabara ya Mombasa kwenda Malindi ikakatika pale Mbogolo. Ile ndiyo ilikuwa mvua ya kujaza kila tangi la Bamba na Vitengeni. Yaliyokuwa hayana gata yalijazwa na nini?

Najua jibu la wakubwa: "Wananchi hawatunzi." Sawa, kuna ukweli kidogo. Lakini niambieni, mlimkabidhi nani? Kuna shule moja, siitaji, funguo ya tangi ilikuwa kwa mwalimu. Mwalimu akahamishwa, funguo ikahama naye. Mfereji ukaibwa, na pesa ya kununua mwingine haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Hapo mwananchi wa kawaida amekosa wapi?

Na kutunza tangi ni kazi kweli, si kupangusa vumbi. Kabla ya masika, mwezi wa 3 hivi, mtu afagie mabati na gata. Tangi lifunguliwe, tope la chini litolewe, kuta zisuguliwe kwa brashi. Kuta, sio sakafu tu! Mbu anayeleta chikungunya na dengi hutaga mayai ukutani juu ya maji, na hayo mayai hukaa makavu miezi mingi yakisubiri mvua. Mombasa chikungunya ilisumbua watu vibaya 2017 mpaka 2018. Ukiona tangi tupu ukadhani limejisafisha, umejidanganya. Anayeingia ndani asiingie peke yake, mwenzake abaki juu mdomoni, maana mle hewa ni chache. Mvua ya kwanza imwagwe, hiyo inaosha kinyesi cha ndege.

Kiangazi nacho kina yake. Tangi la simiti lisikauke kabisa, libakizwe maji kidogo chini, la sivyo litapasuka. La plastiki likiwa tupu ni jepesi, upepo unalibingirisha kama halijafungwa.

Hayo yote yanataka ngazi, brashi, mtu wa kulipwa siku mbili na pesa kidogo ya spea. Ukilinganisha na bei ya tangi lenyewe, ni kitu gani? Ila brashi haina picha nzuri.

Msiniambie nashukuru vibaya. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema maji safi na salama ya kutosha ni haki. Maji ya Sabaki yanasukumwa kutoka Baricho mpaka Mombasa, sisi tunaambiwa tushukuru plastiki.

Kwa hivyo wazee wa kijiji, wazazi, bodi za shule: lori lijalo likifika, kabla ya ngoma, mtu mmoja asimame aulize. Gata ni mita ngapi? Nani ameandikwa kulisafisha mwezi wa 3, na analipwa kutoka mfuko gani? Wakikosa jibu, ngoma isipigwe.