Ndege za Japani na babu zetu: somo linalokosekana Bagira

Mwanafunzi wa Bagira ukimuuliza Saïo ni nini, atajibu haraka: kambi ya askari hapa Bukavu. Ni wachache watakaosema kwamba Saïo iko Ethiopia, na kwamba huko, Julai 1941, Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha mbele ya askari wa Force Publique waliotoka Kongo. Ukimtajia Birmania, atakutazama tu.

Vita ya Japani husimuliwa kama jambo la Wamarekani na Pearl Harbor. Lakini miezi minne baada ya Pearl Harbor, meli za kubeba ndege za Japani ziliingia Bahari ya Hindi, bahari ileile inayopiga Mombasa na Dar es Salaam. Zilibeba Nakajima B5N, yenye watu watatu, iliyoweza kuangusha torpedo baharini au mabomu bandarini, na Aichi D3A, ambayo ilishuka kutoka juu kama mwewe na kuachia bomu la kilo 250 karibu kabisa na shabaha.

Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, Colombo ilishambuliwa. Siku hiyohiyo D3A zilizamisha manowari mbili za Uingereza, Dorsetshire na Cornwall. Mabaharia zaidi ya 400 walikufa. Siku nne baadaye ikafika zamu ya Hermes. Ilikuwa meli ya kwanza duniani kuchorwa tangu mwanzo kwa kazi ya kubeba ndege, lakini asubuhi ile haikuwa na ndege hata moja ya kuitetea. Walikufa watu 307.

Hapo ndipo vita ilipoisogelea Afrika. Admirali Somerville alizirudisha manowari zake kongwe Kilindini, Mombasa. Mwezi Mei Waingereza waliivamia Madagaska, wakihofia Wajapani wasiitangulie. Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa kulinda Ceylon, na mwaka 1944 divisheni yao ya 11 iliingia kwenye misitu ya Birmania. Pamoja nao ilikwenda hospitali ya kijeshi ya Wakongo: wauguzi, madereva, wabeba machela.

Kongo inapotajwa katika vita hiyo, husemwa urani ya Shinkolobwe, basi. Ni kweli, na ni muhimu. Ila jiwe halikubeba majeruhi. Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvalisha nishani mjini Kinshasa Koplo Albert Kunyuku, aliyefika Birmania. Mzee alikuwa na miaka 100! Heshima hiyo ilistahili, lakini ilichelewa mno.

Wapo watakaosema kwamba mji ulioangukia mikononi mwa M23 Februari 2025 hauna nafasi ya mambo ya 1942. Kinyume chake. Mtoto anayeuliza kwa nini watu wa mbali wanapigania Kivu ana haki ya kujua kwamba watu wa hapa pia walipelekwa kwenye vita vya wengine, kisha wakarudi kwenye koloni ambalo halikuwapa hata kura.

Walimu wa Bagira hawahitaji kungoja Kinshasa ichapishe kitabu kipya. Saa moja na ramani ya Bahari ya Hindi vinatosha kuanzia, pamoja na swali kwa wanafunzi: nani nyumbani kwao ana picha au karatasi ya babu aliyevaa sare ya Force Publique?