Mwenye baridi yabisi apimwe na moyo

Na Zuhura Makame

Mama anayeamka asubuhi vidole vimekakamaa, hawezi hata kufunga vifungo vya gauni lake, hupewa pole na mafuta ya kuchua. Akienda duka la dawa hurudi na diklofenaki. Miaka inapita bila mtu kumpima presha. Huko ni kumtelekeza mgonjwa, kwa sababu baridi yabisi huharibu viungo na mishipa ya damu kwa pamoja.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili huushambulia utando laini uliomo ndani ya maungio. Utando huvimba, seli zake zikaongezeka hadi oksijeni isizitoshe. Hapo hutoa vichocheo vya ukuaji, hasa kile kiitwacho kwa kifupi VEGF, ambacho Napoleone Ferrara na wenzake walikibainisha nchini Marekani mwaka 1989. Kazi yake ya asili ni kuotesha mishipa midogo ya damu, kwa mfano kidonda kinapopona. Katika goti linalougua, mishipa hiyo mipya ni mfereji unaomwagilia magugu: hupeleka chakula na seli zaidi za kinga, utando ukanenepa na kula gegedu hadi mfupa. Tena mishipa hiyo huvuja, uvimbe ukazidi.

Madhara hayaishii gotini. Protini zinazochochea uvimbe, TNF ikiwa mojawapo, husambaa kwenye damu na kudhuru ukuta wa ndani wa ateri. Mafuta hujijenga humo mapema. Tabaka lake likipasuka, damu huganda na njia huziba. Matokeo yake ni shambulio la moyo au kiharusi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa hatari ya wagonjwa hawa kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa inawazidi watu wengine kwa takriban asilimia 50. Kibaya zaidi, ugonjwa unapopamba moto lehemu huweza kushuka. Majibu ya maabara yanatia moyo, kumbe ateri zinaharibika.

Ndiyo maana napinga desturi ya kutuliza maumivu na kuishia hapo. Diklofenaki haizuii mfupa kuliwa, na matumizi yake, hasa ya dozi kubwa kwa muda mrefu, yenyewe huongeza hatari ya shambulio la moyo. Prednisoloni ya muda mrefu hupandisha presha na sukari.

Dawa ya kuudhibiti ugonjwa wenyewe ipo. Methotreksati, inayotumiwa mara moja kwa wiki, ni ya siku nyingi na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta vifo vya maradhi ya moyo vikiwa vichache zaidi miongoni mwa walioitumia. Haifai kwa mjamzito na huhitaji kupima damu na ini mara kwa mara, kwa hiyo lazima isimamiwe na daktari. Jijini London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza mwaka 1992 kuwapa wagonjwa dawa ya kuzuia TNF. Uvimbe ulipungua, na baadaye ikaonekana kuwa hata VEGF katika damu hushuka kwa tiba hiyo. Dawa za aina hiyo ni ghali, lakini funzo lake ni la wote: uvimbe ukidhibitiwa, mishipa nayo hupata nafuu.

Najua kliniki zetu zina foleni ndefu. Hata hivyo, kupima presha huchukua dakika chache, na kuuliza kama mgonjwa anavuta sigara hakugharimu kitu. Kila anayetibiwa baridi yabisi apimwe presha, sukari na lehemu, na daktari ahesabu hatari ya moyo akijua kuwa ugonjwa huu wenyewe unaiongeza. Nawe ambaye viungo vyako vimevimba kwa wiki kadhaa, ukiamka vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, usiendelee kununua vidonge dukani. Nenda hospitali, na usitoke kabla hujapimwa presha.