Juu ya Bariere za Njiani: Sisi si Wageni katika Inchi Yetu

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama na baba wa site,

Mwezi uliopita tulipanda kamyo kule Kasenga kurudi Lubumbashi. Tulikuwa watu kumi na tisa juu ya mifuko ya samaki: sisi makarani watatu wa mgodi tuliotoka kuzika, wamama wachuuzi, mwanafunzi mmoja, na mzee mmoja aliyekuwa akienda kutibiwa macho. Mbele ya kufika mjini tulikuta kamba imefungwa toka mti huu hata mti ule, na kando yake meza na wanaume wanne, wawili na uniforme, wawili na mashati ya kawaida. Mmoja akapiga ubavu wa kamyo kwa fimbo: "Wote washuke. Kontrole ya wageni."

Wageni! Tulitazamana. Katika kamyo ile hakuna aliyezaliwa nje ya Kongo. Lakini tulishuka, maana sisi watu weusi wa inchi hii tumejifunza kushuka tangu zamani za babu zetu.

Walianza na karte. Kisha wakauliza mengine: unatoka kijiji gani, baba yako wa kabila gani, unakwenda kufanya nini Lubumbashi, na nani alikupa ruhusa ya kutoka kwenu. Sisi makarani tulionyesha karte ya kazi yenye picha na muhuri wa kampuni, tukapita bila neno. Mwanafunzi alilipa. Mzee alilipa. Mama mmoja alitoa karte yake ya mchaguzi, na wino wake umefutika, hata jina halisomeki tena. Mwanaume wa mezani akaigeuza mara mbili, akasema: "Hii si karte, ni plastiki. Wewe ni mtu asiyejulikana. Franka elfu tano, ao unalala hapa." Mama akajibu: "Shefu, sijauza bado samaki hata mmoja." Basi wakaweka karte yake katika drowa ya meza, wakamwambia atakuja kuikomboa siku atakapokuwa na pesa.

Na sisi makarani? Tulinyamaza. Tunaandika neno hili hapa kusudi haya yetu ijulikane. Tulinyamaza kwa sababu karte yetu ilikuwa nzuri na jua lilikuwa kali na tulitaka kufika nyumbani. Hatutaji wale wanne walitumwa na ofisi gani, maana gazeti hili halihukumu mtu mahali pa juge. Lakini juu ya jambo lenyewe hatutanyamaza tena.

Wazee wanaosoma gazeti hili wanakumbuka, ao walisikia kwa baba zao, pasporti ya mutasyo. Wakati wa Bula Matari mtu mweusi hakuweza kutoka katika eneo la shefu wake zaidi ya siku 30 bila karatasi hiyo. Akifika Élisabethville ao Jadotville kumtembelea ndugu yake, sharti apewe ruhusa ya kukaa, na siku zake zimehesabiwa. Usiku hakuruhusiwa kutembea katika mji wa wazungu. Polisi aliuliza "Buku yako iko wapi?" mbele ya kuuliza jina lako. Mtu alikuwa mgeni pahali alipozaliwa mama yake. Na ule uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, watu waliupigia kelele kwa sababu nyingi, lakini uulize mzee yeyote wa kambi ya mgodi sababu moja, atakuambia: tulitaka kutembea.

Je, leo kamba ile ya njiani inatofautiana namna gani na pasporti ya mutasyo? Sisi tunaona tofauti moja. Pasporti ya mutasyo iliandikwa katika sheria, sheria mbaya, lakini ilisomeka. Kamba ya leo haimo katika sheria yoyote.

Tusome basi. Konstitisyo ya tarehe 18 Februari 2006, artikle ya 30, inasema kwamba kila mtu aliye katika inchi ana haki ya kutembea humo kwa uhuru, kuchagua pahali pa kukaa, kutoka na kurudi, kwa namna sheria inavyopanga. Inaongeza kwamba hakuna Mkongomani anayeweza kulazimishwa kukaa mbali na makao yake ya kawaida. Artikle ya 18 inasema anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, aambiwe haki zake, aweze kupasha habari jamaa yake ao avoka wake, na asifungwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya wenye kuhukumu. Artikle ya 174 inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Basi zile franka elfu tano ni kodi gani? Ziliandikwa katika sheria gani? Nani alitoa karatasi yenye muhuri? Agenti anayedai pesa asiyostahili, Kode penali inamhesabu kuwa mkosaji, na kosa lake lina jina na kifungo.

Watasema: ni kazi ya kuchunguza wageni. Vema. Kazi ya wageni ina sheria yake: ordonansi namba 83-033 ya tarehe 12 Septemba 1983 juu ya polisi ya wageni. Na ofisi ya uhamiaji ilianzishwa kwa dekre-lwa namba 002/2003 ya tarehe 11 Januari 2003, ikapewa wageni na mipaka. Mpaka unajulikana. Uko Kasumbalesa, uko Sakania, uko Mokambo, uko Kipushi, uko ng'ambo ya Luapula. Pale Leta iulize, iandike, ifungue mizigo, hatukatai; hata sisi hatupendi inchi iwe kama soko lisilo na mlango. Dereva wa Zambia ao wa Tanzania anayeshusha mzigo wetu, naye ana haki zake, apimwe kwa sheria, asikamuliwe. Lakini mpaka hautembei. Mpaka hauwezi kumfuata mama wa samaki mpaka karibu na site anapokaa na kumngojea nyuma ya kamba.

Na tuseme juu ya karte yenyewe, maana hapa ndipo tunapochekwa. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa inchi ilifanywa mwaka 1984, chini ya Mobutu. Kwa miaka mingi Leta haikuwapa wananchi karte ya utambulisho. Katika uchaguzi wa 2006, wa 2011, wa 2018 na wa 2023 watu walipewa karte ya mchaguzi, wakaambiwa hii itakuwa utambulisho wenu kwa sasa. Zile za mwisho, zilizotolewa mwaka 2022 na 2023, wote wanajua zilivyofutika katika mifuko yetu, nyingine mbele ya siku yenyewe ya kupiga kura. Tarehe 30 Juni 2023 karte mpya ya utambulisho ilionyeshwa kwa sherehe kubwa Kinshasa, na wakubwa wakapigwa picha nayo. Katika kambi zetu tunaendelea na plastiki nyeupe. Na kijana aliyezaliwa mwaka 2006, aliyekuwa mdogo kwa uchaguzi ule, hana hata hiyo plastiki. Hivi Leta inamnyima mtu karte kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto inamtoza kwa kuwa hana karte. Hata Kaisari wa Roma, tuliyefundishwa habari zake katika masomo ya dini, aliwaandika watu kila mmoja katika mji wa asili yake. Lakini hatusomi popote kwamba Yosefu alifunguliwa kamba kwa pesa katika kila kijiji mpaka Betlehemu.

Wengine watatuambia: na usalama? Ninyi makarani mnaandika vizuri, lakini je, waasi wakiingia? Ndiyo, tunakumbuka. Tarehe 23 Marchi 2013 mamia ya wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi kwa miguu, na watu walikufa siku ile. Hawakuzuiwa na swali la karte. Mwenye bunduki hapiti mezani, na mwizi mwenye pesa analipa na kupita mbele ya wote, hata anapewa heri ya safari. Anayebaki nyuma ya kamba ni maskini asiye na kosa. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, za askari wa Leta, za waasi, za kila namna, na walichokiona ni kutoza wapitaji. Kama kamba ingeleta amani, Kivu ingekuwa paradizo.

Tunajua pia, na ni haki tuseme, kwamba mtu wa mezani naye ana watoto. Mshahara wake ni mdogo, mara nyingine haufiki, na sehemu ya pesa anazokusanya inapanda juu kwa wakubwa wake: ndiyo ile wanaoiita raportage, na kila mtu wa mjini anaijua. Tunamhurumia. Lakini huruma yetu haiwezi kulipwa na samaki wa mama mjane. Mwenye kumnyima agenti mshahara wake yuko ofisini, hayuko juu ya kamyo.

Sasa tufike pahali panapotuogopesha zaidi ya pesa. Lile swali: baba yako wa kabila gani?

Wandugu, katika Katanga swali hili halijawahi kuulizwa bure. Mwaka 1961, wakati wa sesesyo, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya wakimbizi katika Élisabethville chini ya askari wa ONU, kwa sababu jina la kabila lilikuwa limekuwa hukumu. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasaï, wengi wao wazaliwa wa hapa, watoto wa wale waliojenga migodi na reli, walifukuzwa makwao; walilala na watoto wao kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa wakingoja. Baadhi yetu tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka jirani ambao nyumba zao zilibaki na sufuria jikoni. Wale waliofukuza walihitaji kwanza kujua nani ni nani. Na tangu mwaka 2015 Katanga imekatwa kuwa provensi nne, hata mfanyakazi anayetoka Lubumbashi kwenda kazini Kolwezi anavuka mpaka wa provensi, na tunasikia watu wakisema "wakuja" juu ya mtu wa kilomita mia tatu. Artikle ya 13 ya Konstitisyo inakataza kumbagua Mkongomani kwa kabila lake ao kwa pahali anapokaa. Basi agenti anayeuliza kabila nyuma ya kamba anatafuta nini? Ataandika wapi jibu? Daftari lile litakaa kwa nani siku wakubwa watakapogombana tena?

Mfanyakazi wa mgodi anaweza kufikiri kwamba jambo hili si lake, kwa sababu basi la kampuni linapita bila kusimamishwa. Tulifikiri hivyo pia. Lakini karte ya kampuni ni ya kampuni. Siku utakapoachishwa kazi utairudisha kwenye biro, pamoja na kofia na viatu, na jioni ile ile utakuwa juu ya kamyo pamoja na mama wa samaki.

Mara nyingi mawaziri na magavana wametoa amri bariere haramu ziondolewe. Amri inasomwa kwa redio, kamba inafunguliwa juma moja, kisha inafungwa tena kwenye mti mwingine. Kwa hiyo chama chetu hakiombi tangazo lingine. Kinataka orodha: bariere zilizo halali ziandikwe, kila moja na pahali pake, na ofisi yake, na pesa inayoruhusiwa kama ipo, na orodha ibandikwe kwenye ubao wa komine na kwenye stesheni za mabasi. Iliyobaki nje ya orodha ni unyang'anyi. Na kinataka karte ya mtu isishikwe kamwe kama rehani.

Mpaka hapo, ninyi mnaosafiri, mfanye hivi. Msigombane na mwenye bunduki. Maisha ni mbele. Lakini ulizeni, kwa heshima na kwa sauti ya kusikiwa na wote: jina lako nani, ofisi yako gani, sheria gani, na karatasi ya malipo iko wapi? Akiuliza kabila, jibu "Mkongomani" na ukae na jibu hilo. Msiulize mmoja mmoja. Mwenye karte nzuri aulize kwanza, maana yeye hana hatari kubwa. Kisha andikeni siku, saa na pahali, mlete kwa katibu wa seksyo yenu. Agenti ambaye bado ana moyo wa haki, naye asome artikle ya 28: hakuna anayelazimishwa kutii amri iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria.

Yule mama tumempata. Anauza kwenye soko letu siku tatu kwa juma, na karte yake ingali katika drowa ile. Tumeandika barua mbili, moja kwa komine, moja kwa parke, zenye majina yetu sisi makarani watatu tulionyamaza. Jumatatu, saa mbili asubuhi, tunakwenda naye kwenye ile meza kuitaka karte bila kulipa franka hata moja. Kamyo inaondoka mbele ya ofisi ya seksyo. Pahali papo kwa watu kumi na sita.